Pesa Haina Kilema

Msemo huu niliusikia uani kwa jirani yangu, mtaani Buyenzi hapa Bujumbura, jioni ya kikao cha deni. Jirani ni fundi. Alikatwa mguu baada ya ajali kazini, na tangu hapo hupokea malipo ya ulemavu kila mwezi. Mkopo aliouchukua akiwa na miguu miwili ulikuwa umemshinda kulipa akiwa na mmoja. Basi wakaketi: yeye, mkewe, mdhamini, wazee wawili wa mtaa, na bwana aliyetumwa na wakopeshaji, dosiye mapajani. Walipofika kwenye safu ya "mapato", mke akasema kwa sauti ya chini kwamba ile hela ya kila mwezi ni ya mguu, si ya deni. Yule bwana akatabasamu, wala hakuwa na ubaya, akajibu: "Mama, pesa haina kilema." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Kalamu ikaandika.

Siku ile nilinyamaza. Mgeni hasemi kwenye kikao cha wenyewe. Lakini tangu hapo nimeusikia msemo ule, au ndugu zake, kwa watu wa kila namna: makarani wa mikopo, wanasheria, hata watetezi wa haki za wenye ulemavu. Umekuwa hekima ya mji. Ni hekima mbovu, nami nitaeleza ubovu wake ulipo.

Wanachosema, bila kuwapunja

Hoja yao ina nguzo sita, na kila moja inasimama vizuri ukiitazama kwa mbali.

Ya kwanza: mpango wa kulipa deni hutengenezwa kwa kuangalia kinachoingia na kinachotoka. Mshahara unaingia, kodi ya chumba inaingia, pensheni ya uzeeni inaingia. Kwa nini malipo ya ulemavu peke yake yafichwe chini ya mkeka? Ya pili: hakuna aliyelazimishwa, mdaiwa amesaini kwa mkono wake. Ya tatu: pesa ikishaingia kwenye akaunti ni yake, na cha mtu hulipa deni la mtu. Ya nne: kuyahesabu malipo haya ni kumheshimu mwenye ulemavu, kumtambua kuwa anakopesheka kama wengine. Ya tano: fomu iko wazi, kila kitu kimeandikwa. Ya sita: anayedai si tajiri. Ni akina mama wa sokoni walioweka akiba yao kwenye ushirika. Ukimhurumia mdaiwa, unamwibia mwenye akiba.

Nimezipanga kama wao wanavyozipanga. Sasa tuzitikise moja moja.

1. "Kinachoingia ni mapato"

Kinachoingia kwenye nyumba ni vingi. Mvua huingia pia paa likivuja, na hakuna aliyeiita mapato.

Malipo ya ulemavu si kitu kimoja. Ni vitu vitatu vilivyotiwa kwenye bahasha moja. Kuna malipo yanayoziba pengo la mshahara, kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi na sasa hawezi. Kuna fidia ya kiungo chenyewe: mguu ulikuwapo, sasa haupo, na badala ya kulipwa bei yake kwa mkupuo, mtu analipwa kidogo kidogo. Na kuna nyongeza ya gharama, hasa kwa ajili ya msaidizi, kwa mtu asiyeweza kuoga, kula au kutembea bila mkono wa mwingine.

Kile cha kwanza nakubali kinafanana na mshahara. Basi kipewe pia ulinzi wa mshahara, kwa sababu hata mshahara wa mtu mwenye afya tele una fungu ambalo mdai haruhusiwi kuligusa. Cha pili si mapato. Ni mali iliyobadilishwa sura. Mtu akiuza kiwanja chake kwa malipo ya miaka kumi, hakuna anayesema kwamba ameajiriwa. Cha tatu kiko mbali zaidi na mapato, kwa kuwa ni gharama iliyolipwa mapema. Hela ya msaidizi inapita tu mkononi mwa mwenye ulemavu, kama hela ya mafuta inavyopita mkononi mwa dereva wa basi. Ukimhesabia dereva mafuta kuwa mshahara, utamwona tajiri hadi gari lizime njiani.

Kenya imeweka jambo hili wazi kuliko sisi. Katika mpango wa Inua Jamii kuna ruzuku ya wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa mtu anayehitaji mlezi usiku na mchana. Mara nyingi anayeipokea ni huyo mlezi. Sasa karani wa mkopo atueleze: hayo ni mapato ya nani? Ya mgonjwa ambaye hajawahi kuishika? Au ya mama aliyeacha biashara yake ili amgeuze mwanawe kitandani kila baada ya saa chache? Ukiyaandika kwa jina la mmoja wao, umekosea. Ukiyaandika kwa majina yote mawili, umeyahesabu mara mbili.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Ili INSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Burundi, imlipe mtu pensheni ya kutojiweza, daktari lazima athibitishe kwamba amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia riziki. Karatasi hiyo hiyo, yenye muhuri huo huo, ikifika mezani kwa wakopeshaji inageuka kuwa ushahidi kwamba ana uwezo wa kulipa. Asubuhi inathibitisha kwamba hawezi. Jioni inathibitisha kwamba anaweza.

2. "Amesaini mwenyewe"

Hapa ndipo mchezo wenyewe ulipo, nami nitakaa hapa kidogo.

Sheria nyingi zimeufunga mlango wa mbele. Kanuni za mahakama za Ubelgiji, nchi ambayo mkono wake bado unaonekana katika sheria zetu, zinazitaja posho za wenye ulemavu miongoni mwa fedha zisizokamatwa na mdai. Sheria ya Kenya ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inasema fidia haihamishwi, haiwekwi rehani, haikamatwi. Afrika Kusini, kupitia Sheria ya Msaada wa Jamii ya 2004, ilizuia ruzuku isiwekwe rehani bila ridhaa ya serikali. Wabunge wa nchi hizo hawakuwa na moyo laini kuliko wengine. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba ukimruhusu mdai kuikamata fedha ya kilema, serikali itakuwa inalipa madeni ya watu kwa kupitia miguu yao iliyokatika.

Angalieni maneno yale: "haiwekwi rehani". Hayamzuii mdai tu kunyakua. Yanamzuia hata mwenyewe kuitoa. Mtunga sheria alijua kwamba mtu aliyebanwa atasaini chochote.

Mpango wa kulipa deni ni mlango wa uani. Mbele kuna kufuli la sheria, nyuma pameandikwa "hiari". Mdai asingethubutu kwenda mahakamani kudai malipo ya ulemavu, lakini anakuja uani jioni, anakaa kwenye kigoda, anauliza kwa upole: "Kwa mwezi unapata kiasi gani?" Kile ambacho hakimu angemkatalia, mdaiwa anamletea mwenyewe kwenye sahani.

Na hiari yenyewe ni ya namna gani? Hapa Burundi, sheria ya kufilisika iliandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara. Fundi, mwalimu, mjane anayeuza ndagala kwa mafungu, hawana mahakama ya kuwaambia: umezama, tukutoe. Wana uani, wazee wa mtaa, mdhamini anayetokwa jasho kwa hofu ya kubebeshwa deni, na macho ya majirani. Anayekataa kutaja malipo yake anaambiwa anaficha. Anayetaja anaambiwa ameyatoa kwa ridhaa. Kati ya kuitwa mwongo na kuitwa mkarimu, watu wengi huchagua la pili, kisha wanalala njaa.

Hata penye sheria, neno moja ovu, "mapato", linatosha kuiharibu. Kenya ilipitisha Sheria ya Ufilisi ya 2015, nayo ina njia ya huruma kwa mtu asiye na mali: mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000, ambaye hana uwezo wa kulipa kiasi chochote, anaweza kuomba msamaha. Kipimo ni hicho: kiasi chochote. Sasa ziandike zile 2,000 za mlezi kwenye safu ya mapato. Masikini wa Mungu amekuwa tajiri mno kusamehewa na masikini mno kulipa.

3. "Ikishaingia kwenye akaunti ni yake"

Hoja hii ina sura ya heshima: ni pesa yake, atumie atakavyo, sisi ni nani tumpangie? Ila ukichunguza, kwenye "atumie atakavyo" kuna matumizi ya aina moja tu wanayoyapenda.

Afrika Kusini iliionja hoja hii kwa gharama kubwa. Kuanzia 2012, kampuni ya Cash Paymaster Services, tawi la Net1, ililipa ruzuku za mamilioni ya watu, za wenye ulemavu zikiwemo. Kampuni ndugu za mlipaji huyo huyo zilikuwa zikiwauzia wapokeaji mikopo, vocha za simu, umeme na bima. Mkono mmoja ukaweka, wa pili ukachomoa. Wapokeaji walifika dirishani wakakuta ruzuku imekatwa kabla hawajaigusa. Shirika la Black Sash lilianzisha kampeni ya kudai mikono iondolewe kwenye ruzuku, na mkataba ule, ambao Mahakama ya Katiba ilikwisha kuutangaza batili, ulifikia mwisho 2018. Sheria ilikuwapo wakati wote, imeandikwa vizuri. Ila iliilinda fedha ikiwa njiani tu. Ilipofika akaunti ulinzi ukaisha, na fisi walikuwa wamekwisha kujua kituo cha mwisho cha basi ni kipi.

Sisi hatuhitaji kampuni kubwa ili tupate ugonjwa huo. Tuna Banque Lambert. Jina hili lilikuwa la benki halisi ya Brussels, iliyoungana na Banque de Bruxelles mwaka 1975. Hapa Bujumbura, kama ng'ambo ya Rusizi kule Uvira, limekuwa jina la mtu anayekukopesha leo kwa riba ya kukata pumzi na kubaki na kadi yako ya benki kama rehani. Siku ya malipo yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni. Kila mtu mwenye adabu mjini anamlaani. Lakini niambieni, anatofautianaje na kamati ya heshima inayomtaka mdaiwa aahidi kwa maandishi kwamba malipo yake ya ulemavu yatakatwa siku yanapoingia? Mmoja anashika kadi, wengine wanashika sahihi. Mkate umeondoka mezani kwa njia zote mbili.

4. "Kumhesabia ni kumheshimu"

Hoja hii huletwa na watu wazuri, na ndiyo maana ina madhara zaidi. Wanataja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Burundi iliuridhia 2014. Ibara ya 12, wanasema, inampa mwenye ulemavu haki sawa ya kusimamia fedha zake na kupata mikopo ya benki. Ni kweli. Kisha wanaufunga mkataba, wanauweka kabatini.

Wangefunua kurasa chache mbele wangekuta ibara ya 28. Hiyo inaitaka serikali imsaidie mwenye ulemavu aliye masikini katika gharama zinazotokana na ulemavu. Ibara mbili, mtu mmoja: ya kwanza inampa haki ya kukopa kama wengine, ya pili inakiri kwamba kuishi kunamgharimu kuliko wengine. Anayeisoma ya kwanza na kuiruka ya pili anamwambia: una haki ya kukimbia mbio zetu, magongo tutakutunzia sisi.

Na hebu tuone heshima hiyo inavyotendeka. Siku ya kuomba mkopo, malipo ya ulemavu hayatoshi: hana afya, hana ajira, atafute wadhamini wawili. Siku ya kudaiwa, malipo yale yale ni dhamana bora kuliko mshahara, kwa kuwa serikali haifukuzi mtu kwenye ulemavu. Akiingia kukopa ni hatari, akiingia kulipa ni chuma. Heshima inayomtambua mtu siku ya kumkamua tu ina jina jingine kwa lugha yetu, na si jina zuri.

5. "Fomu iko wazi, kila kitu kimeandikwa"

Nimeiona fomu. Ina mstari wa chakula, wa kodi ya nyumba, wa makaa, wa shule, wa dawa. Haina mstari wa mguu.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu anapokea faranga 150,000 kwa mwezi kwa sababu ya mguu uliokatwa. Tuseme usafiri wa ziada unakula 60,000. Kijana wa kumsaidia kuchota maji na kubeba mizigo, 40,000. Dawa za kidonda na bandeji, 35,000. Akiba ya kubadilisha ncha za mpira za magongo, na ya safari ya Gitega kwenye kituo cha taifa cha viungo bandia, 15,000. Jumla: 150,000. Kilichobaki: sifuri. Fedha imeingia, imefanya kazi iliyotumwa, imetoka.

Sasa fomu. Mapato: 150,000. Usafiri: ule wa kawaida wa kila mtu. Dawa: za kawaida. Msaidizi: hakuna mstari, labda aandikwe kwenye "mengineyo", na mengineyo yana kikomo. Fomu inatangaza ziada ya faranga 50,000, na kamati inafurahi. Ziada hiyo haikutoka popote ila kwenye mistari ambayo mchapaji hakuiweka.

Anayedhani usafiri nimeutia chumvi hajakaa Bujumbura miaka hii. Machi 2022, baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Kwa mwenye miguu miwili ni mwendo mrefu zaidi. Kwa mwenye mmoja ni teksi, au kubaki nyumbani. Kisha ikaja njaa ya mafuta: mabasi machache, foleni ndefu, na basi likitokea watu wanaingia kwa viwiko. Mwenye magongo hana kiwiko cha kushindania.

Na faranga yenyewe haikusimama. Mei 2023 ilishushwa thamani rasmi, na bei ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Bandeji hutoka ng'ambo, mpira wa gongo hutoka ng'ambo, mafuta ya teksi hutoka ng'ambo. Mpango wa deni uliosainiwa kabla ya hapo haukujua lolote. Uliendelea kudai 50,000 ile ile kutoka kwenye 150,000 ile ile, kama kwamba nje ya dosiye hakuna dunia.

6. "Na mama wa sokoni je?"

Hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, nami siikwepi. Akiba ya ushirika ni jasho la watu. Deni lisipolipwa, kuna mtu ameumia.

Lakini tufuate faranga hadi mwisho. Malipo ya ulemavu yakilipa rejesho, gharama za ulemavu haziyeyuki. Zinatafuta mlipaji mwingine, na mara zote zinampata ndani ya nyumba. Msaidizi hakulipwa, basi binti anaacha masomo ya mchana amsaidie baba. Teksi haikupatikana, basi mke anafunga meza yake sokoni siku za kliniki. Na huyo mke ni nani? Ni yule yule mama wa sokoni, mwanachama wa ushirika ule ule, ambaye mwezi ujao atachelewesha rejesho lake mwenyewe. Ushirika umejikopesha njaa na kujilipa riba.

Yuko pia mlipaji mwingine asiyeketi uani: mfuko wa hifadhi ya jamii, uliojengwa kwa michango ya wafanyakazi na waajiri. Michango ile ilikusanywa ili mtu akikatika mguu asianguke. Ikienda kulipa rejesho, mfuko umegeuzwa mdhamini wa mkopeshaji bila kuulizwa. Mkopeshaji alipotoa mkopo alipanga riba yake kwa kuhesabu hatari, na mojawapo ya hatari hizo ni kwamba mkopaji anaweza kuumia. Riba alishaitoza. Hatari ilipotokea, akaipeleka kwa mguu.

Hakuna anayeomba deni lifutwe kwa huruma. Kinachodaiwa ni kidogo, na kinaingia kwenye fomu moja. Gharama za ulemavu ziandikwe kwanza, na fedha iliyotolewa kwa ajili yake iwekwe kando, isiguswe, hata mwenyewe akiileta mkononi. Kinachoziba mshahara kipimwe kama mshahara, pamoja na fungu lake lisilogusika. Baada ya hapo, kama kuna ziada, alipe. Kama hakuna, muda urefushwe au deni lipunguzwe, kama linavyopunguzwa kwa mfanyabiashara ambaye ghala lake limeungua. Yeye hatumwambii kwamba moto hauna kilema.

Jirani yangu alilipa miezi mitatu mfululizo, bila kukosa siku, na wazee wakamsifu mtaani. Mwezi wa nne hakuonekana ofisini. Bwana wa dosiye akampigia simu, kwa upole wake ule ule, akitaka kujua kimetokea nini, mbona alikuwa mtu wa ahadi.

Jirani akamjibu: "Mzee, nauli ya kuja huko mnayo ninyi."